Carl Schmidt na Injili ya Mariamu
Carl Schmidt, Mjerumani aliyezaliwa mwaka wa 1868, alibobea katika lugha ya Kikopti na maandiko ya Wagnostiki. Mwaka wa 1904 alichapisha Matendo ya Paulo, aliyoyaunganisha kutokana na vipande vya mafunjo vilivyochakaa, kazi ya subira isiyo kifani. Hata hivyo, mswada wa Berlin, ulionunuliwa Kairo mwaka wa 1896, ndio uliomtesa. Ndani yake mlikuwamo Injili ya Mariamu. Mwaka wa 1912, kitabu kikiwa mtamboni Leipzig, bomba la maji lilipasuka, nakala zote zikaharibika. Vita vikafuata. Schmidt alifariki mwaka wa 1938, kitabu hakijatoka. Walter Till ndiye aliyekichapisha hatimaye, mwaka wa 1955.