Mzee Vélocio na Meno ya Kinga



Juma moja lililopita palikuwa ubishi mkubwa nyuma ya kilasi, pale tunapopanga kinga zetu. Wenzetu wanaokuja kwa njia ya gudroni walisema kinga nzuri ni ile yenye plato kubwa mbele na pinyo ndogo nyuma, sababu inakimbia sana. Wenzetu wa upande wa vilima, wanaopita njia ya changarawe, walijibu kwamba kinga ya namna ile inakushinda kwenye mlima wa kwanza tu, na unafika masomoni ukiisukuma kwa mikono. Wakabishana hata kengele ikalia. Kabla ya kuingia, mmoja akawacheka wale wa vilima, eti wanapanda kinga za wazee.

Neno lile la mwisho ndilo lilinisukuma kuandika. Kwa maana ubishi huu si mpya, hata kicheko kile si kipya. Vilitokea Ufaransa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mtu mmoja aliyechekwa hakuacha kazi yake. Jina lake ni Paul de Vivie, lakini watu wa kinga wanamjua kwa jina alilolitumia katika maandiko yake: Vélocio.

Kuzaliwa na kazi yake ya kwanza

Paul de Vivie alizaliwa tarehe 29 mwezi wa 4, 1853, katika mji mdogo wa Pernes, kusini mwa Ufaransa. Alipokuwa mtu mzima alifanya biashara ya hariri na utepe katika mji wa Saint-Étienne. Mji ule ulijulikana kwa makaa ya mawe, kwa bunduki na kwa utepe. Umezungukwa na milima, na hilo mtaona lina maana katika habari yetu.

Mwaka 1881, akiwa na miaka 28, alinunua kinga yake ya kwanza. Msifikiri ilikuwa kama hizi zetu. Ilikuwa na gurudumu kubwa sana mbele na dogo nyuma, na haikuwa na mnyororo hata kidogo. Pedali zilishikamana na gurudumu lenyewe la mbele. Ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka mara moja, basi. Kama ulitaka mwendo zaidi, ulitafuta gurudumu kubwa zaidi, na mwisho wake ulikuwa urefu wa miguu yako. Mtu mfupi hakuwa na la kufanya.

Kisha, mwaka 1885, Mwingereza John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa kinga yenye magurudumu mawili yanayokaribia kuwa sawa, na mnyororo unaovuta gurudumu la nyuma. Hapo mambo yakageuka. Sasa mwendo haukutoka tena katika ukubwa wa gurudumu, bali katika hesabu ya meno: meno ya plato mbele na meno ya pinyo nyuma.

De Vivie aliipenda kinga kuliko hariri. Mwaka 1887 alianzisha gazeti lililoitwa Le Cycliste, akaacha biashara yake ya kwanza, akafungua duka la kinga pale Saint-Étienne. Mwanzoni alileta kinga kutoka Coventry. Baadaye alitengeneza zake mwenyewe, akaziita La Gauloise.

Mtu mwenye kiko

Juu ya Saint-Étienne kuna mlima wenye njia inayoitwa Col de la République. Kilele cha njia ile kiko kwenye metre 1161, na kutoka mjini unapanda kwa zaidi ya kilomita 10 bila kupumzika sana. Siku zile hakukuwa na gudroni. Njia za Ufaransa zilikuwa za mawe yaliyopondwa na kushindiliwa: wakati wa jua ni vumbi, wakati wa mvua ni matope.

Watu wanasimulia kwamba siku moja Vélocio alikuwa akipanda pale kwa kinga yenye vitesi moja tu. Msomaji mmoja wa gazeti lake alikuja nyuma, akampita, tena akivuta kiko chake kwa utulivu. Mwenye gazeti alitaka kumfuata lakini hakuweza. Meno ya kinga yake hayakumruhusu. Alikuwa na nguvu, lakini nguvu zake hazikupata njia ya kutoka.

Wengi wetu, tukipitwa namna ile, tungekasirika, au tungesema yule mwingine ana bahati. Vélocio alirudi nyumbani akafikiri juu ya hesabu.

Hesabu yenyewe

Hesabu hii hata mwanafunzi wa kilasi ya kwanza anaiweza, basi tuifanye pamoja. Gawanya meno ya plato kwa meno ya pinyo. Jibu linakuonyesha gurudumu la nyuma linazunguka mara ngapi ukizungusha pedali mara moja. Kisha zidisha kwa urefu wa mzingo wa gurudumu. Tuseme mzingo ni metre 2,20.

Plato ya meno 48 na pinyo ya meno 16: gurudumu linazunguka mara 3, unasogea metre 6,60.
Plato ya meno 44 na pinyo ya meno 22: mara 2, unasogea metre 4,40.
Plato ya meno 30 na pinyo ya meno 30: mara 1, unasogea metre 2,20.

Ile ya kwanza ni tamu kwa njia laini iliyo sawa. Kwa mlima itakuua. Ile ya mwisho inapanda karibu kila kitu, lakini kwa njia ya sawa miguu itazunguka kama cherehani na hufiki popote. Ile ya katikati inajaribu kupendeza pande zote mbili. Ndiyo kinga zetu nyingi, na ndiyo sababu kila upande una la kulalamika.

Vélocio alielewa kwamba ubishi wa plato kubwa na plato ndogo hauwezi kwisha, kwa maana pande zote mbili zina haki. Njia inabadilika, lakini mguu wa mtu unapenda kuzunguka kwa mwendo uleule. Basi kinachopaswa kubadilika ni meno. Aliweka plato mbili, na mtu alipofika chini ya mlima alishuka, akahamisha mnyororo kwa mkono. Kisha aliweka mbili nyingine upande wa kushoto, akapata vitesi 4. Mikono ilijaa mafuta, lakini alipanda. Miaka iliyofuata yeye na mafundi wa Saint-Étienne walizidi kutafuta njia ya kuhamisha mnyororo bila kushuka. Ndiyo mwanzo wa mashini ndogo inayoitwa derayeri, ambayo leo iko kwenye kinga za mashindano dunia yote.

Kicheko cha wakubwa

Mngefikiri watu walimshukuru. Hapana. Wenye mashindano walidharau vitesi nyingi. Mkubwa wao alikuwa Henri Desgrange, mwenye gazeti la L'Auto, yule aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903. Kwa Desgrange, vitesi nyingi zilifaa watu waliopita miaka 45. Mwanaume wa kweli, kwa maoni yake, anashinda kwa misuli yake, si kwa mashini. Mnaona? Ni neno lilelile tulilosikia nyuma ya kilasi.

Lakini jibu lilikuwa limekwisha kutolewa. Mwaka 1902, chama cha Touring Club de France kilipanga jaribio la kinga katika milima. Njia ilikuwa ya kilomita 240, na ukijumlisha mipando yote unapata karibu metre 4000. Edouard Fischer, bingwa mwenye nguvu, alipanda kinga ya vitesi moja. Mwanamke mmoja, Marthe Hesse, alipanda kinga ya La Gauloise yenye vitesi 3. Mama yule alimaliza njia yote bila kuweka mguu chini hata mara moja, na kinga yake ikahesabiwa kuwa imeshinda wazi.

Hata hivyo wakubwa hawakugeuka. Kwa miaka mingi wanaume wa Tour de France walifika chini ya mlima, wakashuka, wakafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza, sababu lilikuwa na pinyo ndogo upande mmoja na kubwa kidogo upande wa pili. Derayeri ilikubaliwa kwa wote katika Tour mwaka 1937 tu. Ni miaka 35 baada ya jaribio lile.

Maisha yake na kifo chake

Vélocio mwenyewe hakuwa mtu wa mashindano. Alikuwa mtu wa safari. Alisafiri usiku kucha na rafiki zake kwenda Provence wakati wa Pasaka. Hakula nyama, na alijifunza Esperanto, ile lugha iliyotungwa ili mataifa yote yasikilizane. Aliwaachia wasafiri wa kinga kanuni 7, ambazo kwa maneno yetu ni hizi: vituo viwe vichache na vifupi, kula kidogo kidogo kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu, usichoke mpaka kukosa hamu ya chakula na usingizi, vaa kabla ya baridi, vua kabla ya joto, njiani acha divai, nyama na tumbako, usijilazimishe, zaidi katika saa za kwanza, na usikanyage pedali kamwe kwa ajili ya majivuno.

Ile ya saba naona inabeba zote.

Tangu mwaka 1922 watu walianza kukutana kila mwaka kupanda Col de la République kwa heshima yake: vijana, wazee, wanaume kwa wanawake. Serikali ya Ufaransa nayo ilimpa nishani ya Légion d'honneur. Mwaka 1930, akiwa na miaka 76, alikuwa akivuka barabara ya Saint-Étienne kwa miguu, kinga yake mkononi, akagongwa na tramu, akafa. Hakuiona ile siku ya mwaka 1937. Leo kuna jiwe la kumbukumbu yake juu ya mlima ule alikopitwa na mtu mwenye kiko.

Sisi tuchukue nini?

Wengi wetu hatuna pesa ya derayeri. Lakini pinyo moja fundi anaweza kuibadilisha, na hapo hesabu ya Mzee Vélocio inatufaa. Usianze kwa kuuliza utakimbia namna gani siku njema. Anza na mpando mbaya kuliko yote kwenye njia yako, wakati umechoka, tena una mzigo. Kama njia yako ni changarawe, ongeza meno mawili au matatu kwenye pinyo. Mawe yanakula nguvu, na ukikanyaga kwa kishindo gurudumu la nyuma linateleza. Ukiwa na vitesi nyepesi unabaki umekaa, unazungusha polepole, gurudumu linashika. Kwenye gudroni utapoteza mwendo kidogo, ni kweli. Lakini hesabuni: anayepoteza dakika tano kwa njia ya sawa, na anayesukuma kinga nusu saa kwa mlima, nani anakuta kengele haijalia?

Basi wandugu, zoezi kwa kila mwenye kinga. Hesabu meno ya plato yako na ya pinyo yako, pima mzingo wa gurudumu kwa kamba, utafute metre zako. Tutaandika majibu yote kwenye ubao wa kilasi ya tano, wa gudroni na wa vilima pamoja.

Na yule aliyecheka, tunamkaribisha Jumamosi kwenye mlima wetu. Kiko hatuna, lakini tutampita polepole.

Mwanafunzi wa kilasi ya tano