Habari za Louis Leakey, Mtoto wa Misheni

Watoto wa Kipaimara hapa Lumuma hutuuliza neno moja: shuleni, katika somo la historia, wanafundishwa habari za zamadamu wa Olduvai, na kanisani twawafundisha kitabu cha Mwanzo, je, waamini lipi? Kabla ya kuwajibu, yafaa tujue habari za mtu ambaye kazi yake iliingia katika vitabu vyao.

Louis Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mmisionari wa Kianglikana, naye alisaidia kuifasiri Biblia kwa Kikikuyu. Mtoto alikua pamoja na watoto wa Wakikuyu, akisema lugha yao. Angali kijana mdogo alisoma kitabu cha habari za watu wa Zama za Mawe, akaanza kuokota vipande vya mawe meusi vilivyochongwa. Akaenda kusoma Cambridge, nia yake awe mmisionari kama baba yake. Lakini mwaka 1924 alifuatana na wachimbaji wa mifupa ya wanyama wakubwa wa kale kule Tendaguru, upande wa Lindi, na kazi ile ikamteka moyo.

Hatumsifu kama mtakatifu. Alimwacha mke wake wa kwanza pamoja na watoto wadogo, ikawa fedheha kubwa. Hata katika elimu alikosa: mwaka 1935 mtaalamu mwenzake alipokuja kukagua habari za mifupa ya Kanam, Leakey hakuweza kumwonyesha hasa mahali ilipotoka.

Alifika Olduvai mara ya kwanza mwaka 1931. Tarehe 17 Julai 1959 alilala kambini kwa homa, na Mary, mke wake wa pili, akatoka kutafuta, akaliona fuvu. Wataalamu walipima mawe ya volkano ya mahali pale, wakakadiria umri wake kuwa miaka 1,750,000. Leakey alidhani kiumbe huyu ndiye aliyechonga mawe yaliyookotwa pale. Ilipoonekana mifupa mingine, iliyopewa jina la Homo habilis mwaka 1964, akaliacha wazo lake. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

Mtu huyu hakukubali kwamba mifupa yake yaipinga Biblia. Basi, ndugu wainjilisti, tusimtishe mtoto aulizaye, wala tusimfundishe kuyakana yale aliyosomeshwa. Mwalimu wa shule naye asiidhihaki sala yake. Fuvu laweza kupimwa umri, na hukumu ya wataalamu yaweza kusahihishwa, kama Leakey alivyojisahihisha mwenyewe. Lakini ni nani aliyetuumba, na kwa nini anatupenda, hilo halichimbuliwi kwa jembe. Tukimjibu mtoto hivi, hatalazimika kuficha daftari lake aingiapo kanisani, wala kuificha imani yake aingiapo darasani.