PAPWA ALIPEWA KOMBE MVUANI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu jambo ninalolisikia mara kwa mara vijiweni hapa Karatu. Vijana wakizungumza habari za Filbert Bayi, mwana wa hapa hapa aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, husema alinyimwa medali bure mwaka 1976. Mwaka huo Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini. Huuliza michezo na siasa vinahusiana nini. Mimi huwasimulia habari za Papwa.

Sewsunker Sewgolum, maarufu kwa jina la Papwa, alikuwa Mhindi maskini wa Durban, asiyejua kusoma wala kuandika. Tangu utotoni aliwabebea wazungu fimbo za gofu katika uwanja wa Beachwood, akajifunza mchezo kwa kuwatazama. Fimbo aliishika kinyume cha wenzake: mkono wa kulia juu, wa kushoto chini. Wataalamu walistaajabu. Mimi mkulima sioni ajabu, maana kila mtu hushika jembe alivyozoea.

Mwaka 1946, akiwa kijana wa miaka 16 hivi, alishinda mashindano ya ridhaa ya wasio wazungu wa Natal. Baada ya hapo aliendelea kubeba mifuko ya watu kwa miaka mingi. Ni mwaka 1959 tu ndipo Graham Wulff, mwenye kiwanda aliyekuwa akibebewa fimbo na Papwa, alipompeleka Ulaya. Huko akatwaa ubingwa wa mashindano ya wazi ya Uholanzi, akautwaa tena mwaka 1960 na mwaka 1964.

Lakini kwao je? Januari 1963, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 30, aliwashinda wazungu katika mashindano ya wazi ya Natal, kwenye klabu ya Durban Country Club. Mvua ilikuwa ikinyesha. Wazungu walikuwa ndani ya jengo la klabu, na yeye bingwa akakabidhiwa kombe nje, kwa sababu sheria haikumruhusu kuingia. Picha yake akiwa pale mvuani ilizunguka dunia nzima.

Mwaka 1965 alishinda tena, na safari hii aliyeshindwa ni Gary Player mwenyewe, mmoja wa mabingwa wakubwa wa dunia. Makaburu hawakuweza kuvumilia. Mwaka uliofuata walimpiga marufuku kucheza katika mashindano ya wazungu, na hata pasipoti ya kwenda kucheza nje wakamnyang'anya.

Papwa alifariki mwaka 1978, maskini, hajafikisha miaka 50. Siku hizi kuna uwanja wa gofu Durban wenye jina lake.

Ni mimi msomaji wako,
Mkulima, Karatu,
Arusha.