Askofu Edward Steere na Watu wa Mbweni

Wasomaji wetu wengi wamjua Askofu Steere kwa kanisa kuu la Mkunazini, na wengine kwa vitabu vyake vya Kiswahili. Mwezi huu twapenda kuwasimulia kazi yake nyingine, inayotuhusu zaidi sisi wa Pemba: jinsi alivyowapatia makao na kazi watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akaingia upadre. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na mwaka 1874 akawekwa wakfu kuwa askofu yeye mwenyewe.

Hatuna budi kukumbuka hali ya siku zile. Aprili 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini ya Pemba ilisalimika. Mashamba ya kisiwa chetu yakataka mikono, na ingawa Seyyid Barghash alifunga soko la watumwa mwaka 1873, majahazi yaliendelea kuvuka kwa siri kuja huku. Manowari za Kiingereza ziliyawinda. (Kapteni Brownrigg aliuawa katika maji ya Pemba, Desemba 1881, katika kazi hiyohiyo.) Watu waliokutwa ndani walipelekwa Unguja, wakapewa uhuru.

Na baada ya kupewa uhuru? Mtu ni huru, naye hana nyumba, hana jembe, hana jamaa, tena Kiswahili hakijui. Akitoka peke yake aweza kukamatwa na kuuzwa mara ya pili. Wenzetu wa Pemba waliovukia Shimoni, Kenya, mwaka 2001 watafahamu haraka: kupokewa ni jambo moja, kupata riziki ni jingine.

Misheni ilikuwa imenunua shamba la Mbweni mwaka 1871. Huko Steere aliwaweka watu wazima katika vibanda, kila nyumba na kiwanja chake cha kulima, nao wakafanya kazi za misheni kwa ujira. Vijana wa Kiungani walifundishwa kupiga chapa, na maneno aliyoyatafsiri Askofu yalitoka kwa mikono yao. Wengine walipata kazi Mkunazini, ambako jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873. Husimuliwa kwamba Askofu alipokuwa safarini mafundi walisimamisha nguzo kadhaa juu chini, naye aliporudi akaziacha. Mgeni aingiapo leo huonyeshwa nguzo hizo kabla ya kitu kingine chochote!

Hatusemi Mbweni ilikuwa peponi. Misheni ilikuwa mwenye shamba, na mwajiri, na mwamuzi pia, basi mwenye shauri naye angelipeleka kwa nani? Tena watu walizidi kuongezeka, na wengi walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa waliotamani bara. Steere aliona si haki kuwaweka kisiwani daima. Mwaka 1876 alichukua wanaume na wanawake zaidi ya hamsini, wakashuka Lindi, wakatembea kwenda bara. Nia ilikuwa kufika karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliiona ardhi ni nzuri na maji yapo, wakaomba wabaki hapohapo. Askofu akakubali. Sisi twaona hili ni kubwa kuliko kanisa lake la mawe: watu waliokwisha kuuzwa kama mbuzi walichagua mahali pa kukaa, na mkubwa wao akabadili safari yake kwa ajili yao. Wakakata miti, wakajenga, wakapanda.

Askofu Steere alifariki Unguja Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya Mkunazini. Mwezi uliofuata Wangoni waliishambulia Masasi. Wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka tena. Waliosalia walianza upya, baadhi yao Newala, na Masasi yenyewe ikasimama tena baadaye.

Huku Pemba utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1897. Ndipo misheni yetu ilipokuja Wete, na Wakweka wakaweka shamba lao Banani, ambako watu waliotoka utumwani walichuma karafuu zilezile, safari hii kwa ujira.