Maisha ya Martin Kayamba, Mateka wa Vita

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi ndugu zetu mliosoma hapa zamani, nimeombwa niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Sikumchagua mfalme wala jemadari. Nimemchagua karani mmoja, na sababu yangu nitaieleza kwanza.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa historia alitufundisha habari za mateka wa vita. Alianza na Waaustralia. Katika vita vya pili vya dunia Wajapani waliwateka Waaustralia wapatao 22,000, na wengi wao walitekwa Singapore mwezi wa Februari mwaka 1942. Maelfu walipelekwa kujenga reli ya kuunganisha Thailand na Burma. Walipasua miamba kwa nyundo na patasi, chakula chao kilikuwa wali kidogo tu, nao waliugua malaria, kipindupindu na vidonda visivyopona. Vita vilipokwisha mwaka 1945, kama 8,000 kati yao walikuwa wamekufa, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu. Daktari wao mmoja, Edward Dunlop, aliandika kwa siri mambo ya kambini, na maandishi yake yalichapishwa mwaka 1986. Ndiyo maana hata leo kijana wa Australia aweza kujua yaliyowapata wazee wake.

Tulisikiliza kimya. Kisha mwalimu akatuuliza kama twamjua Mwafrika hata mmoja aliyekuwa mateka wa vita. Hakuna aliyeinua mkono. Niliona haya, nami nikaenda kutafuta. Huyu ndiye niliyemwona.

Martin Kayamba alizaliwa Mbweni, katika kisiwa cha Unguja, mwezi wa Februari mwaka 1891. Watu wake walikuwa Wabondei, ambao nchi yao ya Bonde iko kati ya pwani ya Tanga na milima ya Usambara. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa mwalimu wa misheni ya Waingereza iliyoitwa Misheni ya Vyuo Vikuu. Baba huyo alikuwa amesoma Uingereza, jambo lililokuwa nadra sana kwa Mwafrika wa siku zile. Huko Mbweni misheni ilikuwa na shamba walipokaa watu waliokombolewa katika utumwa. Basi Martin alikua akiwaona kila siku watu waliopata kufungwa minyororo.

Alisoma katika chuo cha Kiungani, karibu na mji wa Unguja, akajua Kiingereza vizuri. Alipotoka chuoni hakukaa mahali pamoja. Alifanya kazi ya kalamu Kenya na Uganda, nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, akaona mengi. Mwaka 1914 alikuwa upande wa bara uliotawaliwa na Wajerumani, na mwezi wa Agosti vita vikazuka.

Hapo ndipo elimu yake ilipogeuka kuwa hatia. Wajerumani waliwatilia shaka Waafrika waliosomeshwa na misheni za Kiingereza, wakidhani kuwa ni wapelelezi. Mapadre, walimu na makarani wa Kiafrika walikamatwa, na Kayamba alikuwa mmoja wao. Hakuwa askari, wala hakuchukua bunduki. Kosa lake lilikuwa kujua lugha ya adui na kupata kukaa katika nchi zake.

Mji wa Tabora, katikati ya nchi, ulikuwa mahali pakubwa pa kuwekea mateka. Walikuwako Wazungu wa misheni na Waafrika wao, lakini hawakutendwa sawasawa. Wazungu walipata taabu ya kazi, chakula kibaya na kudharauliwa. Waafrika walitiwa mnyororo wengi pamoja, wakabebeshwa mizigo, wakachapwa kwa kiboko. Mtu aliyezoea kushika chaki alishika jembe na fagio mbele ya askari. Wengine waliugua, na wengine hawakuona tena nyumba zao.

Sasa, ndugu wasomaji, nawaomba tuiache Tabora kidogo, tuje hapa kwetu Cyangugu, kwa sababu kufunguliwa kwa mateka wale kulianzia penye mto wetu. Mto Rusizi, unaotoka ziwa Kivu kwenda ziwa Tanganyika, siku zile ulikuwa mpaka kati ya Wabelgiji wa Kongo na Wajerumani. Mwezi wa Septemba mwaka 1914 Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi, na kwa muda wa mwaka mmoja na nusu pande mbili zilitazamana ng'ambo na ng'ambo. Kisha mwezi wa Aprili mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Tombeur yalianza kuingia Rwanda. Kikosi kimoja kilitoka kaskazini ya ziwa Kivu, kikafika Kigali mwezi wa Mei. Kikosi kingine, cha Kanali Olsen, kilivuka Rusizi hapa kwetu. Askari wengi walikuwa Wakongo, na nyuma yao walifuata wapagazi wenye masanduku ya risasi na magunia ya chakula vichwani. Walipita Burundi, wakaushika Kigoma mwezi wa Julai, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Siku hizo milango ya kifungo ilifunguliwa, na mateka wakawa huru.

Nimesimama mara nyingi darajani nikiwatazama watu waendao Bukavu na mizigo yao ya sokoni. Sikujua hata siku moja ya kuwa maji yale yalivukwa na watu waliokwenda kumfungua mwalimu wa Unguja.

Kayamba alipotoka kifungoni alikuwa kijana wa miaka 25. Angeweza kukaa akilia juu ya miaka aliyoipoteza, lakini mwaka 1917 aliingia kazini Tanga, katika ofisi ya Bwana Shauri Mwingereza, akiwa mkalimani na karani. Aliendelea hata akawa karani mkuu, na ofisi ile ikaendeshwa na makarani Waafrika. Siku zile wengi walidhani kuwa Mwafrika hawezi kutunza vitabu vya serikali wala fedha yake. Kayamba hakubishana nao kwa maneno, aliwaonyesha hesabu zilizo sawa.

Mwaka 1922, huko Tanga, yeye na wenzake walianzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali ya Tanganyika, naye akachaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Chama kile kiliwapokea Wakristo na Waislamu, tena watu wa makabila mbalimbali. Walikuwa na mahali pa kusomea magazeti, na walicheza mpira. Huenda jambo hilo likaonekana dogo. Lakini wengi wa watu hao miaka michache nyuma walikuwa pande mbili za vita, wengine wakiwatumikia Wajerumani na wengine wakiwa mateka wao. Sasa walikaa meza moja. Mimi nilizaliwa Rwanda, nami najua ya kuwa kukaa meza moja baada ya mabaya si jambo dogo.

Mwaka 1931 Kayamba alipelekwa London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usiha na Francis Lwamugira wa Bukoba. Bunge la Uingereza liliweka kamati ya kufikiri kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Waafrika wa Tanganyika waliogopa kutawaliwa na walowezi wa Kenya, na wajumbe hao walitoa ushahidi kuwa nchi yao haikutaka muungano huo. Muungano haukufanyika. Aliporudi aliandika kitabu cha Kiswahili juu ya safari hiyo, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotoka mwaka 1932. Baadaye alifanya kazi katika ofisi kuu ya serikali Dar es Salaam. Mwaka 1936 habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe, zilichapishwa pamoja na za Waafrika wengine katika kitabu cha Margery Perham. Alifariki kabla hajatimiza miaka 50.

Si haki kumfanya mtu kuwa malaika. Kayamba aliwaamini Waingereza kupita kiasi, na hakutaka haraka. Wako wanaomlaumu kwa kuwa hakudai uhuru. Nami naona lawama hiyo ina ukweli, maana wale waliomfungua na wale aliowatumikia walikuwa watawala pia, na wapagazi walikufa makumi ya maelfu katika vita vile kwa ajili ya pande zote. Hata hivyo alifanya jambo moja ambalo wengi hawakuweza kulifanya. Aliandika. Kwa hiyo miaka zaidi ya 100 baada ya kufungwa kwake, mwanafunzi wa Cyangugu aweza kumjua.

Sasa niwaambie kwa nini niliona haya siku ile darasani. Bibi yangu amepata kunisimulia kuwa babu yake alichukuliwa na majeshi yaliyovuka Rusizi, akabebeshwa mzigo, akaenda mashariki. Hakurudi. Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa mdogo, nikaenda kucheza. Baada ya somo la mwalimu nilirudi kwa bibi na daftari, nikamwuliza jina la mzee yule. Alifikiri muda mrefu, kisha akasema kuwa mama yake alilijua, lakini yeye amelisahau. Huenda mzee yule alifika Tabora siku Kayamba alipofunguliwa. Huenda alianguka njiani, kabla ya kufika Kigoma. Kayamba alikuwa na kalamu, na mzee wetu alikuwa na mzigo tu, na tofauti hiyo imetosha kumfuta.

Vijana wenzangu, tusiwaonee wivu Waaustralia kwa kuwa na vitabu vya mateka wao. Vitabu vile viliandikwa na watu waliokataa kusahau, nasi tunao wazee, tunazo daftari. Likizo hii kila mmoja amwulize babu au bibi yake habari za wale waliochukuliwa, aandike jina kwanza, na mengine yafuate. Nanyi ndugu zetu wa zamani, kama mnajua lolote juu ya watu wa pande hizi waliovuka na majeshi mwaka 1916, tafadhali mwandikieni mhariri wa gazeti hili. Tutashukuru hata mkituletea jina moja.