Ahadi ya Wilson haikutuhusu

Nifundishapo mofolojia, huwakumbusha wanafunzi wangu kwamba kiambishi -ji- ni kidogo kwa umbo lakini kikubwa kwa uzito. Kikitiwa ndani ya kitenzi, mtenda na mtendwa huwa mmoja. Ajitawalaye hatawaliwi na mwingine. Kila nifikapo hapo, fikira zangu humwendea Woodrow Wilson, rais wa 28 wa Marekani, ambaye jina lake limefungamana na haki ya mataifa kujiamulia mambo yao, ilhali -ji- hiyo aliigawa kwa upendeleo.

Wilson alizaliwa Desemba 28, 1856, mjini Staunton, jimbo la Virginia, akiwa mwana wa kasisi wa Kipresbiteri. Alikulia Kusini, miongoni mwa watu walioingia vitani ili waendelee kumiliki watumwa. Alikuwa msomi kabla ya kuwa mwanasiasa. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka wa 1886, akaongoza Chuo Kikuu cha Princeton tangu 1902 hadi 1910, akawa gavana wa New Jersey, na Machi 1913 akaapishwa kuwa rais. Hadi leo ndiye rais pekee wa Marekani aliyefikia shahada hiyo. Sisi walimu wa vyuo tungependa kujivunia jambo hilo, lakini ni serikali yake iliyoruhusu watumishi weusi watengwe na wenzao weupe katika ofisi za umma. William Monroe Trotter, mhariri mweusi wa Boston, alipokwenda kumlalamikia mwaka wa 1914, Wilson alighadhibika na kumfukuza.

Marekani iliingia katika Vita Vikuu vya Kwanza Aprili 1917. Novemba mwaka huo, Wabolsheviki walitwaa madaraka nchini Urusi chini ya Lenin, mtu aliyesomea sheria kama Wilson, na ambaye tangu 1914 alikuwa ameandika kutetea haki ya mataifa kujitenga na madola yaliyoyatawala. Novemba 8, 1917, serikali yake ilitoa amri juu ya amani. Ilitaka mapigano yasitishwe na amani ifanywe bila kunyang'anyana ardhi wala kutozana fidia. Tena haikuyaacha nje makoloni ya ng'ambo. Baadaye ilichapisha mikataba ya siri ambayo kwayo Urusi ya kifalme, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimegawana nchi za watu kabla hata ya kuzishinda.

Viongozi wa Magharibi hawangeweza kunyamaza. Lloyd George wa Uingereza alijibu Januari 5, 1918. Siku tatu baadaye, Wilson alilisomea bunge lake hoja 14. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba istilahi ya kujiamulia haimo katika hoja hizo. Aliitumia katika hotuba ya Februari 11. Poland iliahidiwa uhuru katika hoja ya 13. Kuhusu makoloni, hoja ya 5 ilisema tu kwamba maslahi ya wenyeji yapewe uzito sawa na madai ya serikali inayotaka kuwatawala. Hapo, msomaji, -ji- haipo. Mwenyeji haulizwi, maslahi yake yanapimwa na mwingine, kwa mizani ya mwingine.

Je, Lenin alikuwa mkweli zaidi? Kwa maandishi, ndiyo. Kwa vitendo, aliutambua uhuru wa Finland Desemba 1917, lakini Georgia, ambayo serikali yake iliitambua kwa mkataba Mei 1920, ilivamiwa na Jeshi Jekundu Februari 1921. Kwake, haki ya taifa ilikoma pale ilipoyapinga mapinduzi. Kwa Wilson, ilikoma kwenye mpaka wa Ulaya.

Mkutano wa Paris wa 1919 ulithibitisha hayo. Japani ilipopendekeza usawa wa mataifa utajwe katika mkataba wa Shirikisho la Mataifa, wajumbe 11 kati ya 17 waliunga mkono. Wilson, aliyekuwa mwenyekiti, akaamua kuwa lazima wote wakubaliane, na pendekezo likafa. Saad Zaghlul wa Misri, aliyetaka kwenda kudai uhuru wa nchi yake, alihamishiwa Malta na Waingereza. Aprili, Marekani ikautambua ulinzi wa Uingereza juu ya Misri. Mwenye kisu kikali ndiye aliyekula nyama.

Nasi je? Vita hivyo vilipiganwa katika ardhi yetu, na makumi ya maelfu ya wapagazi wetu waliangamia kwa njaa na maradhi. Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza, Rwanda na Burundi zikapewa Ubelgiji, bila mwenyeji kuulizwa. Mwaka wa 1920, Kenya ikafanywa koloni. Wapo wanaomtetea Wilson kwamba alizuia nchi hizo zisimezwe moja kwa moja, akaleta mfumo wa udhamini. Ni kweli. Lakini mdhamini asiyechaguliwa na mdhaminiwa ni mtawala tu.

Oktoba 1919 Wilson alipooza, na bunge la seneti likaukataa mkataba wake. Lenin alifariki Januari 21, 1924. Wilson akamfuata siku 13 baadaye. Mwaka wa 2020, Princeton iliondoa jina la Wilson kwenye kitivo chake cha masuala ya umma.

Mimi sioni kwamba tumtukuze wala kwamba tumsahau. Neno likishatamkwa, halibaki mali ya msemaji. Mwaka wa 1945, Kenyatta na Nkrumah walikutana na wenzao Manchester kudai kwa ajili ya Afrika haki ile ile ambayo Wilson hakutukusudia. Hatukupewa -ji-, tuliitwaa. Kwa hiyo, wakubwa wa dunia waletapo tena mapendekezo ya amani juu ya nchi ya wengine, tusihesabu hoja zao. Tuulize kwanza ni nani aliyeketi mezani, na ni nani anayejadiliwa akiwa nje ya mlango.