Al-Jahidh na Fisi wa Voi

Alalaye Voi huenda akamsikia fisi akicheka upande wa Tsavo. Nami nimemsikia, na asubuhi yake nikawasikia watu stendi wakibishana kama fisi ana jike. Ubishi huo ni wa kale. Waarabu walidai kuwa fisi ni dume mwaka huu na jike mwaka wa pili.

Kila nikisikia hayo humkumbuka Abu Uthman Amr bin Bahr, maarufu Al-Jahidh, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 776. Macho yalimtokeza, ndipo akapewa lakabu hiyo. Yasemekana babu yake alikuwa mtu mweusi, na yeye mwenyewe ujanani aliuza mkate na samaki, na usiku akikodi maduka ya vitabu ili asome. Kitabu chake cha wanyama, juzuu saba, alimtunukia Waziri Ibn al-Zayyat, akapewa dinari 5,000.

Humo aliandika kwa kirefu juu ya matawashi na wanyama waliohasiwa: sauti hugeuka, ndevu hazioti, mifupa hurefuka. Neno homoni hakulijua, lakini kazi yake aliiona. Ya tumboni mwa mama ndiyo ambayo jicho lake halikuweza kuyafikia.

Hayo yalianza kufunuka mwaka 1959 huko Kansas, Marekani. Phoenix, Goy, Gerall na Young waliwadunga simbilisi wenye mimba homoni ya kiume. Watoto wao majike walipokua wakawa wakiwapanda wenzao kama madume. Na fisi? Maumbile ya jike wa fisi madoa hufanana na ya dume, huo ndio mzizi wa ubishi. Mwaka 2006 Dloniak, French na Holekamp walieleza waliyoyapata Maasai Mara: mama mwenye cheo kundini huwa na homoni hizo kwa wingi mwishoni mwa mimba, na watoto wake, wa kike na wa kiume, huwa wakali zaidi na hupandana zaidi mchezoni.

Kwa binadamu jambo hili si la mzaha. Yupo binti ambaye tezi zilizo juu ya figo humzidishia homoni ya kiume tangu tumboni, akazaliwa na umbile la kutatanisha. Wazazi humficha kwa haya, ingawa mafakihi wetu walimwekea khuntha fungu lake la mirathi. Aina kali ya maradhi hayo humpotezea mtoto chumvi mwilini, na asipotibiwa hufa katika wiki zake za mwanzo. Mwenye kumficha, basi, amficha na daktari.

Al-Jahidh alifariki Basra mwaka 255 Hijria, mwili umepooza upande mmoja. Wapo wasemao kuwa vitabu vyake vilimwangukia. Wallahu aalam.